Darasa la watu wazima, kadi za karatasi na simu moja ya mwalimu: yaliyonikuta Mtwara, tujadili

#1 Mwalimu wa Jioni (Mtwara)

Wakuu, habari za jioni. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima hapa Mtwara, upande wa kwenda Mikindani. Tunakutana saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, siku 3 kwa wiki, kwenye darasa la shule ya msingi watoto wakishatoka. Nina makundi mawili. La kwanza ni la KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, wengi akina mama, mdogo wao ana miaka 24 na mkubwa ameshavuka 60. La pili ni la wanaojiandaa na Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT, ili baadaye wafanye kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea.

Kila nikiingia kwenye makundi ya walimu nakuta swali lile lile, "tutumie programu gani za mtandaoni darasani?", na jibu huwa ni majina kumi kumi yaliyopangwa mstari. Karibu yote nimeyajaribu kwa bando langu. Naandika kueleza kipi kilishindwa, kipi kilikaa na kwa nini, maana naona walimu wa huku kusini tunapoteza fedha kwa vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya darasa la namna nyingine kabisa.

Nianze na shida yenyewe. Mtu mzima hanyooshi mkono. Nina mama anauza ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, stendi, chenji anaipiga kichwani kabla mteja hajamaliza kutoa noti. Mlete darasani, muulize 7 mara 8, anainama anafunga kanga upya. Anayejibu kila siku ni baba mmoja yule yule. Na mjue darasa hili lina mtu na mama mkwe wake, wamekaa madawati mawili tofauti. Mkwe atathubutuje kukosea mbele ya mkwewe? Wote wawili wananyamaza, mimi naandika ubaoni nikidhani wameelewa, wiki ya pili nagundua hatukuwa pamoja tangu mwanzo.

Nikaanza na Kahoot, kwa kuwa ndiyo inayosifiwa sana. Nikaazima projekta, nikavuta ekstensheni, nikaweka swali. Kwa wasioijua: swali linakaa ukutani, mwanafunzi anabonyeza kwenye simu yake rangi na umbo, pembetatu nyekundu, almasi ya bluu, duara la njano, mraba wa kijani. Nilidhani rangi zitawasaidia wasiosoma vizuri. Lakini pointi zinakwenda kwa aliyewahi, saa inahesabu kurudi nyuma, muziki unakimbiza watu. Muda nikaurefusha mpaka dakika 4, ambao ndio mwisho wake, lakini ule muziki na saa vilibaki pale pale. Mtu anayeunganisha silabi kwa kidole hawezi kushindana na kijana wa bodaboda. Na simu janja zilikuwa 9 kwa watu 26. Mwisho jedwali la washindi likatokea ukutani na majina. Mama mmoja akaja kuniambia taratibu, "Mwalimu, mimi kesho nina msiba." Hakuwa na msiba. Alirudi baada ya wiki 3.

Nikahamia kura za WhatsApp. Ni rahisi, wengi wanaijua, haili bando. Kosa langu sikuangalia jambo moja: kura ile ukiigusa inaonyesha nani kachagua nini. Kwa darasa langu ni sawa na kumsimamisha mtu mbele ya watu.

Kilichokaa ni Plickers. Hapa nitaeleza kwa kirefu maana naona wengi hawaijui. Wanafunzi hawahitaji simu hata moja. Kila mtu anapewa kadi ya karatasi yenye mchoro mweusi, mfano wa ile miraba ya kulipia dukani, na kila kadi ina namba yake. Pande nne za mchoro zimeandikwa A, B, C na D kwa herufi ndogo sana. Unauliza swali, kila mtu anaizungusha kadi mpaka herufi anayoitaka iwe juu, anaiinua. Mwalimu anapitisha kamera ya simu yake darasani kama anayepiga picha, simu inasoma kadi zote na kuhesabu. Jirani akitazama haoni kitu, maana michoro haifanani na herufi ni ndogo. Mwalimu peke yake anajua nani kajibu nini.

Siku ya kwanza niliuliza hesabu ya msimu. Tuseme umepeleka kilo 340 za korosho ghalani, bei shilingi 3,000 kwa kilo, makato yote shilingi 150 kwa kilo. Mkononi unapata ngapi? Niliweka 969,000, 1,020,000, 1,071,000 na 51,000.

Watu 26. Waliosema 969,000, ambalo ndilo jibu, walikuwa 7. Waliosema 1,020,000 walikuwa 15, wamesahau makato. Watatu wameyaongeza makato badala ya kuyatoa, mmoja kachukua makato yenyewe. Wakuu, nilisimama nikiangalia ile simu. Miezi minne nilikuwa nafundisha kutoa na kuzidisha, na yule baba wa kujibu alikuwa akinijibia darasa zima.

Sikusema jibu. Niliwaambia tu kwamba wengi wako kwenye B na wengine kwenye A, geukeni mzungumze na jirani, kila mtu amweleze mwenzake kapataje. Kelele zikawa za sokoni. Dakika tano, kadi juu tena: 21 wakawa kwenye 969,000. Walielezana wao kwa wao, kwa lugha yao, wengine kwa Kimakonde. Baadaye nikajifunza kwamba utaratibu huu una mwenyewe, Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Harvard kule Marekani, aliyeuanza mwaka 1991 baada ya kugundua wanafunzi wake wanafaulu mitihani bila kuelewa. Kura ya kwanza, mazungumzo, kura ya pili. Kujifunza kuko pale katikati.

Nakaribisha michango, hasa ya walio vijijini. Na kama kuna mwalimu kapata njia nyingine, aseme, nitajaribu.

#2 Fundi Simu (Masasi)

Mwalimu umenigusa, mama yangu mzazi yuko kwenye darasa kama hilo huku Masasi. Maswali mawili: hizo kadi zinanunuliwa wapi na bei gani? Na simu yako lazima iwe na intaneti muda wote?

#3 Mwalimu wa Jioni (Mtwara)

Kadi hazinunuliwi, unazipakua bure kwenye tovuti yao na kuziprinti stesheneri kwenye karatasi za A4. Seti ya kawaida ina kadi 40. Zibandike kwenye kadibodi ngumu ya boksi. Usizilamineti kwa nailoni inayong'aa, mwanga wa dirishani unagonga na kamera haisomi. Mimi nililamineti seti nzima nikaitupa.

Mtandao unahitajika kwenye simu ya mwalimu tu. Mimi naandaa maswali nyumbani usiku. Toleo la bure linabana idadi ya maswali kwa seti moja, lakini kipindi cha saa mbili hakihitaji maswali mengi. Matatu mazuri yanatosha.

#4 Katibu wa Chama (Tandahimba)

Nasema kwa heshima, ila niseme. Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Nimeona miradi mingi inakuja na vishikwambi, picha zinapigwa, mradi ukiisha vishikwambi vinafungiwa kabatini. Darasa la watu wazima kijijini kwetu halina chaki. Mwalimu analipwa posho kidogo na inachelewa. Vitabu vya kisomo vilivyopo vimechakaa. Leo tunazungumza kuskani kadi?

Na lingine, wewe uko mjini. Huku kwetu ikifika Oktoba korosho zinaanguka, watu wanahamia mashambani kuziokota na kuzitenganisha na mabibo, darasa linabaki na mwalimu na ubao. Hakuna programu itakayolileta darasa mtu akiwa porini anaokota.

#5 Babu wa Nachingwea

Wanangu, naomba kuchangia, mjukuu ananisaidia kuandika.

Mwaka 1973 nilikuwa kijana wa miaka 18, nikachaguliwa kukisomea kikundi kitabu katika kampeni ya Mtu ni Afya. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na baada ya hapo kazi ilishika kasi nchi nzima. Sisi tulikuwa na redio moja. Moja tu, ya mbao, betri zake tulichangishana. Saa ya kipindi cha Radio Tanzania Dar es Salaam ikifika tunakaa chini ya mwembe, tunasikiliza, kipindi kikiisha mimi nafungua kitabu nasoma habari ile ile tuliyoisikia, kisha tunajadiliana, kisha tunapanga wiki hiyo tutafanya nini. Malaria, kichocho, safura, kuhara. Wiki ya choo tulichimba vyoo. Wiki ya maji tulichemsha maji. Nchi nzima walishiriki watu karibu milioni 2, na wengi hawakuwa na redio zao.

Nilivyomsoma mwalimu wa Mtwara, simu yake ni ile redio yetu. Katibu wa Tandahimba naye ana haki kuhusu chaki. Lakini mwanangu, hata sisi chaki hatukuwa nayo. Tulikuwa na kikundi, na mtu wa kukiongoza aliyefundishwa kuongoza mazungumzo. Siku yule wa kijiji cha jirani alipokuwa anasoma tu kitabu mwanzo mwisho bila kuuliza watu, watu waliacha kuja, ingawa redio yao ilikuwa nzuri kuliko yetu.

#6 Dada wa Liwale

Babu shikamoo. Umeniletea machozi kidogo, baba yangu alikuwa ananisimulia hayo hayo.

Huku Liwale niliko mtandao unapatikana ukipanda kilimani. Kwa hiyo mimi sitegemei intaneti darasani, naibeba. Nina kompyuta mpakato kuukuu niliyoiwekea Kolibri, programu ya bure ya kufundishia bila intaneti. Unapakua masomo ukiwa mjini, siku nikienda Nachingwea nakesha napakua. Ukirudi kijijini, kompyuta inarusha hotspoti yake na simu za wanafunzi zinaingia kusoma na kufanya mazoezi bila kutumia hata MB moja. Umeme ukikata, kompyuta ina saa mbili za betri na nina sola ndogo. Pia nina Kiwix, ambayo inaiweka Wikipedia ya Kiswahili kwenye memori kadi. Darasa la QT wanaipenda kwa historia na uraia.

Dosari yake niiseme wazi. Masomo ya Kiswahili yaliyomo mengi yametengenezwa kwa ajili ya watoto. Mzee wa miaka 55 ukimwekea katuni ya mtoto anahesabu maembe, anakuheshimu hasemi kitu, lakini ameshadharauliwa. Kwa hiyo mazoezi ya hesabu natumia, video natazama kwanza mimi mwenyewe, na nyingi naziacha.

Halafu msisahau Mei 2024. Kimbunga Hidaya kilipita, barabara ya Dar ikakatika upande wa Somanga, na tarehe 12 mwezi huo huo nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikapata hitilafu, mtandao ukawa unasuasua nchi nzima. Walimu wenye kila kitu mtandaoni walikaa bila kitu. Mwalimu wa Mtwara, siku kama hizo kadi zako ulizifanyaje?

#7 Mama Pacha (Lindi)

Mimi si mwalimu, ni mwanafunzi. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito, zamani, kabla ya waraka wa Novemba 2021 ulioturuhusu kurudi. Sasa nina miaka 31, nasoma jioni njia ya QT hapa Lindi.

Naomba walimu mnisikilize kuhusu makundi ya WhatsApp. Kituo nilichoanzia walituunganisha wote kwenye kundi moja, zaidi ya watu 100 nisiowajua. Namba yangu ikawa wazi kwa kila mtu. Ndani ya wiki moja nikaanza kupigiwa simu usiku na mwanaume anayeniita kwa jina. Mume wangu akasema masomo yaishe. Miezi mitano sikusoma. Nililalamika pale kituoni nikaambiwa nibadilishe namba. Namba hiyo ndiyo wateja wangu wa vitenge wanayoijua.

Nilikohamia, mwalimu ananitumia sauti. Somo la biolojia dakika tatu, nasikiliza nikiwa napika, narudia mara nne. Kisha nami namrekodia jibu. Mara ya kwanza nilifuta mara sita ndipo nikatuma. Sasa natuma moja kwa moja. Kwangu sauti imenisaidia kuliko video zote, maana video moja inamaliza bando la wiki.

#8 Mwalimu wa Jioni (Mtwara)

Nimesoma yote, nashukuru sana. Nijibu mmoja mmoja, kwa urefu kidogo.

Mama Pacha, pole sana, na nakupongeza kwa kurudi. Ulilofanyiwa si dogo. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na namba ya simu ni taarifa binafsi. Kituo kinatakiwa kukuomba ridhaa kabla ya kuisambaza. Mimi sitengenezi kundi kubwa. Nafanya hivi: wanafunzi wote wanaweka namba yangu kwenye simu zao, kisha natumia orodha ya matangazo ya WhatsApp. Ujumbe nautuma mara moja, unamfikia kila mtu kivyake, hakuna anayeona namba ya mwenzake, na akijibu anarudi kwangu peke yangu. Sharti ni moja, asiyehifadhi namba yako haupati, kwa hiyo siku ya kwanza ya darasa somo ni kuhifadhi namba. Kwa wa kisomo hilo tayari ni zoezi la kusoma na kuandika jina. Mume akitaka kuona, anaona mwalimu na somo, basi. Wanandoa wawili watatu hapa mambo yao yametulia kwa utaratibu huo.

Na sauti, uko sahihi kabisa. Dakika moja ya ujumbe wa sauti haifiki MB 1. Kwa asiyesoma bado, ndiyo njia pekee ya kumpa kazi ya nyumbani. Nawatumia maneno matano, wanayatafuta kwenye kopo la sabuni, kwenye kibao cha duka, kwenye kanga, kesho wanakuja kuniambia wameyaona wapi. Maneno ya kanga ndiyo yanayowachangamsha kuliko yote, tunakaa nusu saa tukibishana maana yake.

Dada wa Liwale, uliuliza nilifanyaje Mei 2024. Vidole. Nilisema kila mtu afumbe macho, aweke kidole kimoja hadi vinne kifuani, A ni kimoja, B viwili, hivyo hivyo. Nikahesabu kwa macho. Sikupata jedwali, lakini nilipata picha ya darasa, na mkwe hakumwona mkwewe. Nakubali kabisa kwamba kadi na simu ni vya hiari. Vilinifundisha namna ya kuuliza, na namna hiyo imebaki hata umeme ukikatika. La katuni umelisema vizuri kuliko mimi, nitaliiba.

Babu, shikamoo. Mfano wa redio sitausahau. Umenifanya nikumbuke kwamba kosa langu la kwanza lilikuwa kutaka kila mtu awe na chombo chake.

Sasa katibu wetu wa Tandahimba. Kaka, la chaki na posho sina cha kulipinga, nami nadai miezi miwili. La msimu pia ni kweli, na hapo nilikosea miaka miwili mfululizo kwa kung'ang'ania ratiba. Sasa ikifika Oktoba nafunga darasa la ana kwa ana mpaka korosho ziishe, nabaki na sauti mbili kwa wiki kwa wenye simu, na wasio nazo wanasikiliza kwa jirani. Hata kitochi kinapokea SMS, na SMS ya maneno sita ni somo kamili kwa mtu wa kisomo.

Lakini naomba nikuulize wewe kama katibu. Wakulima wako wakishalipwa, ujumbe wa benki unapoingia, wangapi wanakuja ofisini kwako uwasomee?

#9 Mwalimu wa Newala

Samahani niingilie. Nilijaribu Google Forms kwa darasa la QT, nikaandaa maswali 20 ya uraia usiku kucha. Asubuhi nusu ya darasa wananiambia inawadai waingie kwa Gmail, hawana, au nywila wameisahau, simu waliwekewa na fundi. Nikaacha. Kuna aliyefanikiwa?

#10 Mwalimu wa Jioni (Mtwara)

Mwalimu mwenzangu, usiache. Fomu yenyewe haidai Gmail. Inadai pale mtengenezaji anapowasha sehemu ya kumzuia mtu asijibu zaidi ya mara moja, anapochagua kukusanya barua pepe zilizothibitishwa, au anapoweka swali la kupakia faili. Zima hivyo vitatu, kila mwenye linki anafungua. Tumia sehemu ya kuifanya fomu kuwa jaribio, mtu akimaliza anaona alama zake papo hapo na maelezo uliyoyaandika kwa kila kosa. Hapo kwenye maelezo ndipo nakaa muda mrefu. "Umekosa" peke yake haimfundishi mtu mzima kitu.

Maswali 20 mengi. Weka 6.

Na kwa wote: badilisheni lugha ya simu iwe Kiswahili. Ipo kwenye simu nyingi na kwenye WhatsApp pia, ila watu hawajui. Nilitumia kipindi kizima kwa hilo, kila mtu akasoma mwenyewe menyu ya simu yake kwa mara ya kwanza. Mama wa ming'oko aligundua siku hiyo kwamba kuna mahali pa kufungia namba zinazomsumbua.

#11 Katibu wa Chama (Tandahimba)

Mwalimu, umeuliza wangapi. Nimekaa na swali lako siku mbili.

Ni wengi. Msimu ukianza ofisi yangu asubuhi inajaa watu wenye simu mkononi. Minada sasa inaendeshwa kwa mfumo wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania, bei inatoka kwenye skrini, malipo yanaingia benki, ujumbe unaingia kwenye simu. Kila hatua imekuwa ya kusoma. Na mtu anayekuja kwangu nimsomee ananionyesha salio lake lote. Mimi namcha Mungu, lakini si kila anayesomewa anasomewa na mtu wa namna hiyo. Msimu uliopita mama mmoja wa kijiji chetu alipata ujumbe wa kumwambia atume hela kwenye namba fulani, akampa kijana amsomee, kijana akamwambia ni chama kinadai. Akatuma laki tatu na nusu.

Nilichoandika kuhusu miradi na vishikwambi sikifuti, nimeona kwa macho. Ila hili la mtu kusoma ujumbe wake mwenyewe nimelielewa.

#12 Mwalimu wa Jioni (Mtwara)

Kaka, nimesikitika kwa huyo mama. Naomba nikupe somo tunalofanya, unaweza kulianza kesho bila kadi wala mtandao.

Kusanya jumbe za kitapeli. Kila mtu anazo. "Iyo ela tuma kwenye namba hii jina litakuja..." Ziandike ubaoni kama zilivyo, pamoja na makosa yake. Pembeni andika ujumbe wa kweli wa malipo, ukifuta jina na salio la mtu. Waulize: upi wa kweli, umejuaje? Wanaanza kuona wenyewe kwamba ujumbe wa kweli una kiasi kamili na kumbukumbu namba, na umetoka kwa jina la kampuni. Ule mwingine umetoka kwenye namba ya mtu, una haraka, na umeandikwa ovyo. Darasa langu lilisahihisha ule wa kitapeli herufi kwa herufi, "hiyo hela", kwa furaha kubwa. Walikuwa wanamsahihisha mwizi.

Baada ya hapo ndipo nikatoa kadi. Jumbe nane, A ya kweli, B ya uongo. Mara ya kwanza 11 kati ya 24 walidanganyika na ujumbe wa sita, uliotaja korosho. Tukaongea, tukarudia, wakabaki 2. Wale wawili nawajua kwa kadi zao, wenzao hawawajui. Nilikaa nao baada ya darasa.

#13 Katibu wa Chama (Tandahimba)

Ujumbe wa sita ulisemaje? Nautaka huo huo.

#14 Mwalimu wa Jioni (Mtwara)

"Ndugu mkulima malipo yako ya pili ya korosho yamezuiwa, tuma 15,000 ya uhakiki kwenye namba hii yafunguliwe leo."

Ni wa kwangu, nimeutunga kwa darasa. Ubandike kwenye mlango wa ofisi yako, lakini uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni wa mfano.

#15 Katibu wa Chama (Tandahimba)

Nimeuandika. Mwalimu wa kisomo wa kijiji chetu nimemwonyesha uzi huu, amesoma mpaka mwisho. Ana wanafunzi 31, simu yake ina kamera nzuri. Chumba cha mkutano cha chama kiko wazi jioni mpaka mwezi wa tisa, na karatasi na kadibodi nitazitoa mimi. Ijumaa nakuja Mtwara kwa kazi za chama. Nikupitie wapi unionyeshe kadi zinavyokatwa?

#16 Mwalimu wa Jioni (Mtwara)

Ijumaa saa kumi nipo darasani. Njoo uketi na wanafunzi, nitakupa kadi namba 27, haina mwenyewe. Mahali nimekuandikia kwenye ujumbe wa faragha.